Picha Iliyoingia Bila Hodi: Kisa cha FORCEDENTRY

Mwezi Machi 2021, wachunguzi wa Citizen Lab, maabara iliyo katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, waliichunguza iPhone ya mwanaharakati mmoja wa Saudia aliyeomba asitajwe jina. Wakaona imedukuliwa kwa Pegasus, programu ya ujasusi ambayo kampuni ya NSO Group ya Israeli huwauzia serikali. Hilo halikuwa jipya. Pegasus ilishajulikana kwa miaka, na simu za waandishi na wanaharakati zilishakutwa nayo mara nyingi. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: imeingiaje? Hapakuwa na kiungo kilichobonyezwa, wala programu ya ajabu iliyopakuliwa.

Jibu lilikuwa limelala ndani ya nakala rudufu ya simu hiyo hiyo. Wachunguzi walipoirudia miezi kadhaa baadaye, walikuta kwenye folda ya viambatisho vya ujumbe mafaili yenye mkia wa .gif, ule wa picha fupi zinazocheza, yaliyotumwa muda mfupi kabla simu haijatekwa. Nakala 27 zilikuwa za faili moja lile lile lenye baiti 748, na kwa kweli halikuwa GIF bali faili la Adobe Photoshop. Mengine manne, mawili yenye majina ya herufi 34 na mawili ya herufi 97, nayo yalidai kuwa GIF. Ukiyapasua, ni PDF. Na kwenye simu nyingine iliyodukuliwa kwa Pegasus walikuwa wameshaona programu ikianguka kwa namna mbili zilizolingana na aina hizo mbili za mafaili.

Tarehe 7 Septemba 2021 Citizen Lab waliikabidhi Apple mafaili hayo. Siku sita baadaye, tarehe 13, Apple ilitoa iOS 14.8, toleo jipya la mfumo wa iPhone, na kuupa udhaifu uliotumiwa na mafaili hayo nambari ya utambulisho, CVE-2021-30860. Wachunguzi waliuita FORCEDENTRY, wakasema ulikuwa ukitumika tangu angalau Februari mwaka ule.

Jina hilo nina ugomvi nalo kidogo. Linamaanisha kuvunja na kuingia, na katika kisa hiki hakuna kilichovunjwa mlangoni. Ukifuata safari ya faili lile hatua kwa hatua unakuta kila sehemu ya mfumo ikitimiza kazi yake kwa adabu, ikimpokea mgeni na kumsogeza chumba cha ndani zaidi, hadi akafika mahali ambapo huenda hata wenye nyumba walishasahau kwamba pana chumba.

Starehe ndogo ya GIF

Mtu akikutumia GIF kwa iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, watu wa kampuni hiyo walitaka icheze bila kukoma. Faili la GIF hubeba ndani yake idadi ya mizunguko: cheza mara moja, mara tatu, au milele. Kwa hiyo ujumbe ukishaingia, na kabla hata haujaonekana kwenye kioo, mchakato unaoitwa IMTranscoderAgent ulilichukua faili, ukalinakili, na kwenye nakala ukaandika "milele". Ni kazi ya sekunde moja ambayo mtumiaji hata haijui.

Jina la utaratibu uliofanya kazi hiyo ni copyGifFromPath, yaani nakili GIF kutoka mahali fulani. Ukilisoma jina hilo unaamini kinachofanyika ni kunakili tu. Lakini chini yake iliitwa maktaba ya ImageIO, mkusanyiko wa msimbo wa Apple wa kushughulikia picha, ambao haunakili: unafungua picha, unaichora upya, kisha unaiandika upya. Na ImageIO ina tabia moja ambayo mahali pengine ingehesabiwa kuwa busara. Haiamini mkia wa faili. Inatazama yaliyomo, inabaini yenyewe ni aina gani, kisha inaita msimbo wa aina hiyo.

Hapo ndipo kisa kizima kilipogeukia, na ndiyo maana nakichelewesha hapa. Mlango ulioandikwa "GIF" ulikuwa kwa hakika mlango wa aina zaidi ya 20 za picha, zikiwamo zile ambazo hakuna mtu anayetumiana kwenye gumzo, kila moja na msimbo wake, umri wake na makosa yake. Hakuna aliyeamua kwamba PDF isiyojulikana imetoka wapi ifunguliwe kwenye simu kabla mwenyewe hajaigusa. Uamuzi uliofanywa ulikuwa kwamba GIF icheze milele. Haya mengine yalifuata yenyewe.

Mwaka mmoja tu kabla, Septemba 2020, Apple ilikuwa imeleta iOS 14 yenye kinga mpya iitwayo BlastDoor: chumba kilichotengwa ambamo ujumbe wa iMessage ungepasuliwa na kukaguliwa, ili ukiwa na sumu, sumu iishie mle mle. Ilikuwa kazi nzuri na wataalamu waliisifu. Ila ile shughuli ya kuizungusha GIF ilifanyika nje ya chumba hicho. Mgeni hakuhitaji kupambana na mlinzi. Kulikuwa na njia isiyopita kwa mlinzi.

Herufi za mashine za kunakili

Ndani ya zile PDF kulikuwa na picha zilizobanwa kwa JBIG2. Huu ni ufundi wa mwishoni mwa miaka ya 1990, uliotungwa kwa ajili ya kurasa za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, zinazotoka kwenye mashine za kuskani na kunakili. Wazo lake ni la kijanja. Ukurasa mmoja wa Kiswahili una herufi "a" mamia kadhaa. Kwa nini uhifadhi mchoro wa kila moja? Hifadhi "a" moja, kisha andika: weka ile "a" hapa, na hapa, na pale. Faili linapungua sana.

Ujanja huo una gharama yake. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nakala, 6 ikitoka kama 8, kwa sababu mashine iliona alama mbili zinafanana vya kutosha ikatumia moja mahali pa nyingine. Nakala ilionekana safi kabisa, haina ukungu wala doa. Ilikuwa imesema uongo tu.

Waliotunga JBIG2 walishaiona hatari hiyo, wakaweka njia ya kuirekebisha. Pamoja na "weka ile alama hapa", faili linaweza kuongeza "kisha sahihisha vitone hivi", na usahihishaji huo hufanywa kwa kuchanganya picha mbili kitone kwa kitone, kwa kanuni nne za mantiki, kila moja ikipokea vitone viwili na kutoa kimoja: AND, OR, XOR na XNOR. Mtu yeyote aliyepita darasa la kompyuta ameshtuka kidogo hapo. Shika majina hayo manne, tutayarudia.

Wachambuzi waliochunguza faili hili waliuona msimbo wa JBIG2 ndani ya iOS kuwa ule wa Xpdf, programu huria ya kusomea PDF iliyoanza miaka ya 1990. Msimbo wa zama za kuskani hati, ukiwa ndani ya simu za watu duniani kote, ukisubiri faili ambalo karibu hakuna mtu angelituma kwa nia njema.

Hesabu iliyorudi sifuri

Kosa lenyewe ni la kawaida kiasi cha kuudhi. Kabla ya kuchora ukurasa, programu hukusanya alama zote kutoka sehemu mbalimbali za faili. Inapita kila sehemu, inajumlisha idadi ya alama, inatenga nafasi ya kumbukumbu inayotosha jumla hiyo, kisha inapita mara ya pili kuzijaza. Kikokotozi cha jumla kilikuwa cha biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, maana yake hakiwezi kuvuka 4,294,967,295. Ukiongeza moja juu yake, kinarudi sifuri bila kulalamika.

Tuchukue mfano wangu mwenyewe. Sehemu za faili zikidai jumla ya alama 4,294,967,301, kikokotozi kitasoma 5. Programu itatenga nafasi ya alama tano, baiti 40, kwa kuwa kila alama huwekewa anwani ya biti 64 inayoonyesha mahali ilipo kwenye kumbukumbu, kisha itaanza kumimina mabilioni. Zinazozidi zinafurika kwenye kumbukumbu ya jirani na kufunika chochote kilichokuwapo.

Mdukuzi wa kawaida angekwama hapa, kwa kuwa kumimina mabilioni ya anwani kungeiangusha programu mara moja na mchezo ungekuwa umekwisha. Waliotunga faili hili walihitaji furiko linalojisimamisha lenyewe mahali sahihi. Walipanga kumbukumbu mapema ili jirani wa kwanza kufunikwa awe ile orodha ya sehemu ambayo programu ilikuwa ikiipitia. Orodha ikishaharibiwa, programu inapouliza "sehemu hii ni ya alama?" inakutana na kitu cha aina nyingine cha ukoo ule ule, kinachojibu kwa heshima zote kwamba hapana, mimi si wa alama. Basi inakiruka, na kumimina kunakoma. Hata ile kinga ya Apple inayothibitisha anwani haikuona tatizo, maana kitu kile kilikuwa halali kabisa. Kilikuwa tu mahali pasipo pake.

Jirani mwingine aliyefunikwa alikuwa maelezo ya ukurasa unaochorwa: upana wake, urefu wake. Vipimo vikawa vikubwa ajabu. Kuanzia hapo programu iliamini ina ukurasa mkubwa kupita kiasi, na kila amri ya kuchora "ndani ya ukurasa" iliweza kugusa kumbukumbu iliyo mbali sana na picha. Ukaguzi wa mipaka bado ulikuwapo. Ulikuwa ukikagua kwa rula iliyonyooshwa.

Kompyuta iliyochorwa

Kufikia hapo mshambuliaji anaweza kuandika kwenye kumbukumbu, lakini hajui aandike wapi. Simu za sasa huchanganya anwani: kila mara vitu hupangwa mahali tofauti, na kilichokuwa hapa jana leo kiko kwingine. Kwenye kivinjari mdukuzi huwa na JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, ya kumsaidia. Anasoma anwani moja, anapiga hesabu, anapata nyingine. Hapa ana picha tu. Anaituma mara moja, hapokei jibu lolote, na picha haina lugha ya programu ndani yake.

Ila ina AND, OR, XOR na XNOR.

Chukua biti mbili zote 1, uzijumlishe. XOR ya 1 na 1 ni 0: hiyo ndiyo tarakimu ya kuandika. AND yake ni 1: hiyo ndiyo ya kubeba kwenda nafasi inayofuata. Umepata 10, ambayo kwa hesabu za mbili ni mbili. Rudia hivyo kwa nafasi 64, kila nafasi ikipokea iliyobebwa na jirani yake, na tayari una mashine ya kujumlisha. Ndivyo walivyofanya. Vitone vya picha vilikuwa biti, amri za kusahihisha alama zilikuwa milango ya kimantiki, na kwa amri zaidi ya 70,000 walijenga ndani ya picha moja kompyuta ndogo yenye rejista zake (visanduku vya kushikia nambari), kikokotozi kamili cha kujumlisha biti 64 na kilinganishi, kisha wakaitumia kupekua kumbukumbu na kukokotoa anwani walizozitaka.

Aliyeyaeleza haya hadharani ni Project Zero, timu ya Google inayotafuta udhaifu wa programu. Ian Beer na Samuel Groß waliandika uchambuzi wao Desemba 2021 baada ya Citizen Lab kuwapa sampuli, wakikiri kwamba hili lilikuwa miongoni mwa mashambulizi ya kiufundi zaidi waliyowahi kuyaona. Mimi nilipousoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha sijaelewa vibaya. Nani anakaa chini na kuifanya kanuni ya kurekebisha nakala za mashine za ofisini kuwa kichakataji? Kuna ustadi ambao unauheshimu huku ukijua umetumika dhidi ya nani.

Hatua ya baadaye, ya kutoka katika kizuizi cha mchakato ule hadi kwenye simu nzima, nayo ina visa vyake, na Project Zero waliieleza Machi 2022. Naipita, kwa kuwa picha ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Jina limefutwa, deni limebaki

Kuwa na faili si sawa na kujua nani amelituma. Citizen Lab waliihusisha kazi hii na NSO Group kwa ushahidi ambao, kwa ladha yangu, ndio sehemu tamu zaidi ya kisa.

iPhone huweka hifadhidata iitwayo DataUsage.sqlite, inayorekodi kila mchakato umetumia data kiasi gani. Ina majedwali mawili yanayotutosha hapa. Moja, ZPROCESS, lina majina ya michakato. Jingine, ZLIVEUSAGE, lina matumizi yenyewe, kila mstari ukielekeza kwenye jina katika jedwali la kwanza. Pegasus ilikuwa na mazoea ya kujisafisha: ilifuta majina ya michakato yake kwenye ZPROCESS. Ikaiacha mistari ya matumizi kwenye ZLIVEUSAGE. Fikiria daftari la mikopo ambalo mtu amelifuta jina lake kwa kifutio, lakini kiasi anachodaiwa bado kimeandikwa pembeni. Humjui ni nani, lakini unajua kuna mtu amefuta, na unajua amefuta vipi. Wachunguzi walisema usafi mbovu wa namna hiyo hawakuwahi kuuona kwingine isipokuwa kwa Pegasus, wakauita CASCADEFAIL. Juu ya hapo walikuta mchakato wenye jina setframed, ambalo lilishaonekana kwenye simu ya mwandishi wa Al Jazeera iliyodukuliwa Julai 2020.

NSO ilijibu kwa maneno yake ya kawaida, kwamba huzipa taasisi za kijasusi na za usalama teknolojia ya kupambana na ugaidi na uhalifu. Haikukanusha kisa chenyewe.

Kilichozibwa, na kilichohamishwa

Maelezo ya Apple kuhusu iOS 14.8 yalikuwa mafupi: PDF iliyotengenezwa kwa nia mbaya ingeweza kuendesha msimbo wowote, na furiko la nambari limerekebishwa kwa kuboresha ukaguzi wa data inayoingia. Kompyuta za Mac na saa za Apple zilipata marekebisho siku hiyo hiyo, maana msimbo ule ulikuwa huko pia.

Kiraka hicho kiliziba kosa moja la kujumlisha. Kingeishia hapo, mlango wa aina 20 ungebaki wazi ukisubiri kosa jingine. Kwa maoni yangu mabadiliko ya maana zaidi ndiyo yaliyotangazwa kwa sauti ndogo. Katika iOS 15, iliyotoka wiki moja baadaye, shughuli yote ya kufungua GIF ilihamishiwa ndani ya BlastDoor. Kwa waliobaki kwenye toleo la zamani, iOS 14.8.1 ya Oktoba 26 ilipunguza aina za picha ambazo IMTranscoderAgent ingeweza kuzifikia. Mlango ulioandikwa GIF ukaanza kupokea kile kilichoandikwa juu yake.

Apple pia ilitoa neno la kuwatuliza wateja: mashambulizi ya aina hii hugharimu mamilioni, hudumu muda mfupi, huwalenga watu maalumu, na walio wengi hayawahusu. Ni kweli yote. Lakini udhaifu haukuwa kwenye simu za watu maalumu peke yao. Ulikuwa kwenye kila iPhone iliyotumia iMessage bila sasisho lile, na aliyeamua nani awe maalumu alikuwa mnunuzi wa Pegasus. Ushauri tuliozoea kupeana, usibonyeze kiungo usichokijua, usifungue faili la mtu usiyemfahamu, haukuwa na pa kushika hapa. Mwanaharakati yule angeutii wote neno kwa neno na simu ingetekwa vile vile akiwa amelala.

Mambo ya mahakama na siasa yalifuata haraka. Novemba 3, 2021 Wizara ya Biashara ya Marekani iliiweka NSO kwenye orodha ya kampuni zinazozuiwa kununua teknolojia ya Marekani bila kibali. Novemba 23 Apple iliishtaki NSO mahakamani California, na ikaanza kuwatumia arifa watu iliowaona wamelengwa. Septemba 2024 Apple yenyewe iliomba kesi ifutwe, ikihofia pamoja na mengine kwamba kuiendeleza kungeweza kufichua mbinu zake za kuwakamata wadukuzi.

Mwaka 2022, pamoja na iOS 16, ilikuja Hali ya Kujifungia (Lockdown Mode), kinga ya Apple ambayo anayeiwasha hukubali simu yake ipungukiwe na starehe. Kati ya inavyovizuia ni viambatisho vingi vya ujumbe visivyo picha, video au sauti za kawaida. Ni mtazamo ule ule wa kupunguza milango, safari hii ukiachiwa mtumiaji mwenyewe auchague.

Tarehe 7 Septemba 2023, miaka miwili kamili tangu Citizen Lab wapeleke yale mafaili, Apple ilitoa iOS 16.6.1. Ilikuwa ikiziba shambulizi jingine la Pegasus, lililopewa jina BLASTPASS, ambalo wachunguzi wale wale walilikuta kwenye simu ya mfanyakazi wa shirika la kiraia mjini Washington. Nalo lilipitia iMessage, nalo halikuhitaji kubonyezwa kitu. Faili lilikuwa limefungashwa safari hii kama kiambatisho cha PassKit, zile kadi na tiketi zinazokaa kwenye pochi ya simu. Ndani yake kulikuwa na picha, na aliyekabidhiwa kuifungua alikuwa ImageIO.